Kicheko Kilichohamishwa

Maibrit alipiga simu Jumapili mchana, wakati ambao si wake. Siku zote alimpigia mama yake jioni, akikunja nguo, anasikiliza nusu na kuitikia nusu. Safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa akajipanga.

"Mama, umekaa?"

"Nimesimama. Nina viazi jikoni. Sema tu."

"Ni kuhusu kipaimara cha Vigga."

Tove akapunguza moto. Alikuwa ameshaelewa, lakini alitaka mwanawe alitamke mwenyewe, asimrahisishie.

"Hanitaki," alisema, Maibrit alipokawia.

"Hajasema hakutaki. Amesema hajui atakaaje na wewe meza moja. Bado mtoto, mama. Mwache apoe."

"Atapoa kabla ya kipaimara au baada?"

Maibrit akavuta pumzi, akasema viazi vitaungua, akakata simu.

Vigga ndiye mjukuu pekee aliyekuwa naye Tove. Tangu kiangazi kilichopita alikuwa ameweka kando chupa za jamu nyeusi kwa ajili ya keki ya siku hiyo, na mlango wa kabati lake ulikuwa haufungiki vizuri kwa sababu hiyo. Siku ya kipaimara cha Maibrit alipika yeye, ukumbi mzima wa kijiji ukala ukashiba, na wageni wakaimba wimbo waliomtungia binti, kama ilivyo desturi, ubeti mmoja kwa kila jambo la kuchekesha alilowahi kufanya. Ubeti mmoja ulikuwa wa mama mtu. Ulikuwa unahusu kicheko chake.

Kicheko hicho kilijulikana kijiji kizima, na kijiji chenyewe kiko Denmark, chini kabisa ya rasi ya Jutland, unakaribia Ujerumani. Kilianza chini, kikapanda, kikakwama juu kama mtu aliyesahau alichofuata darini, halafu kikaporomoka chote kwa mara moja. Watu walicheka kwa sababu Tove amecheka. Shule aliiacha mapema sana, mume alimwacha yeye akaenda kwa mwanamke wa Flensburg, na uzuri hakuwahi kuwa nao. Alichosifiwa maishani ni vitu viwili, keki na kicheko, na hakuwahi kuomba cha tatu.

Kazi yake ilikuwa kwa Kjeld, mwenye shamba kubwa la nguruwe nje ya kijiji, katika banda la kuzalishia. Alikuwa na mkono mwembamba. Kitoto cha nguruwe kikikwama tumboni kwa mama yake, aliyeitwa ni Tove. Aliufanya ukunga huo miaka mingi, na hakuna aliyekuja kumpiga picha akiufanya.

Wa kupiga picha walikuja baadaye, walipotaka kingine.

Sidsel, mtengeneza filamu kutoka Copenhagen, alimwandikia Kjeld kwa adabu nyingi. Alitaka kuonyesha nyama inatoka wapi, basi. Kjeld akafurahi. Alimkuta Tove anafagia, akaegemea mlango.

"Sisi hatuna cha kuficha," alisema. "Waje waone. Ila utawapokea wewe."

"Mimi? Mimi nitasema nini mbele ya kamera?"

"Chochote. Wewe ukisema watu wanaamini, unafanana na nyanya wa kila mtu. Mimi nikifungua mdomo wanaona trekta jipya."

"Na kweli lipo, jipya."

"Ndiyo maana nakwambia utawapokea wewe."

Sidsel alikuwa mtu mpole. Hilo Tove hawezi kulikana hata leo. Alivaa buti bila kuambiwa, hakuziba pua, aliuliza jina la kila mtu na akalikumbuka. Alikuja na kijana mrefu, Malthe, aliyeshughulika na sauti. Kila asubuhi Malthe alimbandika Tove kinasa sauti kidogo kwenye ukosi, akiomba radhi kwa vidole vyake vya baridi. Sidsel alipenda kupiga picha kabla taa hazijawashwa, akisema mwanga wa zile taa ndefu ni mbaya, unafanya kila kitu kionekane kama hospitali. Tove aliona ni sawa. Nani anataka kuonekana kama yuko hospitalini?

Asubuhi ya mwisho, nguruwe mmoja alikuwa amemlalia mtoto wake. Kitoto kilikuwa hai, ila miguu ya nyuma ilikuwa imekwisha, kinajivuta. Tove alikichukua kwa miguu hiyo hiyo, akainua mkono, akakigonga kichwa kwenye sakafu mara moja tu. Ndivyo Kjeld alivyomfundisha, siku ya kwanza kabisa, kwa mkono wake mwenyewe. Kikanyamaza. Akakiweka kwenye ndoo.

Sidsel aliuliza kwa sauti ya chini, "Unajisikiaje, Tove?"

"Lazima ifanyike," Tove alijibu. "Kingekufa polepole."

"Asante," alisema Sidsel.

Na kazi ikaisha. Sasa, katika nchi ile, mtu aliyefanya kazi machoni pako siku kadhaa haondoki hivi hivi. Humwachi aende akanywe kahawa ya kituo cha mafuta. Tove alikuwa ameanza kuandaa meza tangu usiku uliotangulia: maandazi laini yenye siagi, keki za krimu, halafu biskuti kavu za aina nyingi, kwa sababu mpangilio ndio huo na haurukwi. Unaanza na maandazi, unaingia kwenye keki laini, unamalizia kwa biskuti, na kila sahani ikipita mbele yako unachukua. Ukikataa, mwenye nyumba anajua umemdharau.

Malthe alianza na biskuti.

"Ebo!" Tove akamzuia mkono. "Unaingilia mlango wa nyuma, mwanangu. Rudi mwanzo."

"Kuna mlango?"

"Upo. Andazi kwanza. Halafu hii hapa."

Akamkatia kipande cha ile keki ya kwao, inayookwa kwa mkate mweusi uliosagwa, ikapakwa jamu nyeusi na krimu kifuani na kichwani. Malthe akatia kijiko, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Samahani," alisema. "Hii ina... mkate?"

"Mkate mweusi. Uliolala."

Kijana akatazama dirishani, upande wa shamba, akarudisha macho kwenye sahani. "Si ndio ule ule mnaowapa nguruwe?"

Basi hapo ndipo Tove alipocheka. Alicheka hadi akashika meza. Kilipanda, kikakwama, kikaporomoka, na Malthe naye akacheka, na hata Sidsel akafuta macho, huku Malthe anagongagonga kijiko kwenye kisahani kwa aibu asijue pa kukiweka. Ilikuwa mchana mzuri. Walipoondoka, Malthe alirudi mbio kutoka kwenye gari.

"Kinasa sauti!" alisema, akikibandua kwenye ukosi wake. "Ungelala nacho."

Tove hakuwa amekiondoa. Nani anaanza kujipapasa kifuani mbele ya wageni, kahawa iko mezani?

Filamu ilipofika kwenye televisheni, kijiji kiliamua kuiangalia pamoja ukumbini. Hawakuwahi kuonyeshwa popote. Kina mama wa kamati wakakaanga vipande vya nyama ya nguruwe hadi vikalia mdomoni, kwa viazi na mchuzi mweupe wa kotimiri, na Ingelise, jirani yake Tove wa ukuta kwa ukuta, akamwekea kiti mbele.

"Nyota wetu akae hapa," alisema. "Tutakusujudia sasa hivi au tusubiri filamu iishe?"

"Subirini," Tove alisema. "Huenda nimetoka mnene."

Watu wakacheka. Taa zikazimwa.

Ilianza na jiko lenye jua. Mtoto wa shule anafungua kisanduku chake cha chakula, mna mkate wenye ini la kusaga, anauma, anatabasamu. Halafu giza. Muziki ukaingia, chombo kimoja cha nyuzi, sauti nzito inayoburutwa, na ukumbini mtu mmoja akaacha kutafuna. Zikaonekana buti zikitembea katikati ya vizimba, polepole, polepole mno. Tove alizitazama asizitambue, kwa sababu yeye hutembea kama mtu aliyechelewa, na yule alitembea kama anayekwenda kunyonga mtu. Halafu jicho la nguruwe. Lilijaa ukuta mzima, jicho moja lenye kope nyeupe, na ndani yake kimwanga kidogo kikitetemeka. Watu waliozaliwa kati ya nguruwe, wanaowachinja na kuwauza na kuwala, walitoa leso. Ingelise alishika mkono wa mumewe. Tove mwenyewe alilia. Akawaza, jamani, hakuna mtu wa kumzuia yule mwanamke?

Ndipo ulipoingia mkono, na kwenye mkono kulikuwa na saa ya Tove mwenyewe.

Kishindo cha sakafuni kilikuwa kikubwa kuliko alivyowahi kukisikia bandani. Picha ikazimika. Ukuta ukawa mweusi mtupu, na katika weusi ule, peke yake, bila uso, kikapanda kicheko. Kikakwama. Kikaporomoka.

Hakuna mtu ukumbini aliyehitaji kuambiwa ni cha nani.

Filamu iliendelea muda mrefu baada ya hapo. Kulikuwa na daktari, kulikuwa na mto, kulikuwa na watu wa ofisini wenye tai. Tove hakuona kitu. Alikuwa ameitazama sahani yake, ngozi ile ya nguruwe iliyokauka pembeni, na masikio yalimwaka kama amepigwa makofi kushoto na kulia. Taa zilipowashwa hakuna aliyepiga kelele. Kule hawapigi kelele. Walikunja viti.

"Kahawa imepoa," alisema Ingelise, bila kumtazama, ilhali ilikuwa bado inafuka moshi.

Kjeld alitoka kwa mlango wa pembeni.

Kwenye barabara za kule, dereva akikutana na mtu anayemjua huinua kidole kimoja kwenye usukani. Mkono hapungi, ni kidole kimoja tu. Ndiyo salamu, ndiyo habari za nyumbani, ndiyo nakuona. Asubuhi ya pili Tove aliendesha baiskeli kwenda kazini, na magari yakampita, na vidole vyote vililala kwenye usukani kama vimekufa ganzi. Alipofika, Kjeld alikuwa langoni.

"Pumzika nyumbani kwanza, Tove. Upepo upite."

"Upepo gani? Si wewe ulisema niwapokee?"

"Nilisema uwapokee. Sikusema ucheke."

"Sikucheka pale! Kjeld, wewe unanijua. Umewahi kuniona nacheka pale?"

Kjeld alitazama buti zake. "Nimesikia kama walivyosikia wengine," alisema.

Siku zilizofuata aliwaambia waandishi wa habari kwamba shamba lake halifanyi mambo yale, kwamba aliyefanya ni mfanyakazi mmoja, na kwamba mfanyakazi huyo hayupo tena. Yeye aliyemshika mkono akamwonyesha namna ya kuuinua! Mahali pa Tove pakachukuliwa na mwingine, naye akabaki jikoni kwake na chupa zake za jamu. Dukani alianza kwenda saa ambazo hakuna watu. Akikutana na mtu, aliinamia rafu za chini, akajifanya anasoma pakiti za unga.

Kibaya zaidi, hakujua tena kama hakucheka. Aliitazama filamu ile kwenye kompyuta ya zamani aliyoachiwa na Maibrit, akaitazama tena, na kila mara ilimshawishi. Mkono ni wake, kicheko ni chake, vimefuatana. Alianza kujiona amesimama na ndoo, mdomo wazi. Kumbukumbu ilikuwa inakuja yenyewe, inajitengeneza, ina hata harufu. Kama yeye mwenye mdomo amesadiki, mtoto wa shule kama Vigga, huko mjini Aarhus, afanyeje?

Alikisikia kijiko akiwa hatazami. Alikuwa ameinama kwenye oveni, filamu inaongea peke yake nyuma yake, kicheko kikapanda, na chini ya kicheko, ting, ting-ting, kitu kidogo kikagonga kaure. Alisimama na kitambaa mkononi. Akarudisha nyuma. Ting, ting-ting. Hicho ni kijiko kwenye kisahani. Ni nani anayenywa kahawa kwa kisahani kwenye banda la nguruwe?

Alikaa sakafuni akalia tofauti na alivyolia ukumbini. Halafu akampigia Sidsel.

Sidsel alipokea mara moja, na sauti ilikuwa ile ile, ya upole.

"Tove! Nimekuwa nikikufikiria."

"Kicheko kile ni cha mezani kwangu. Ni cha keki. Kijiko cha Malthe kinasikika."

"Ndiyo," alisema Sidsel. "Ni cha siku hiyo."

"Mbona mmekipeleka kule?"

"Hatukusema ulicheka pale. Hakuna neno la uongo kwenye filamu ile, Tove, wanasheria wameipitia yote. Uliua. Ulicheka. Vyote ni vyako."

"Havikuwa pamoja."

"Sikiliza. Watu wanaona damu kila siku, wanabadilisha stesheni. Tulionyesha kipande kile kwa watazamaji wa majaribio bila sauti yoyote, wakasema, masikini mama wa watu, kazi ngumu. Wakakuhurumia wewe. Wakamsahau mnyama. Nilihitaji wasimsahau."

"Kwa hiyo mkanitoa mimi kafara."

"Samahani kwa yaliyokupata," alisema Sidsel, na Tove aliamini kwamba anasikitika kweli, na hilo lilimchoma zaidi. Kama angemtukana, angalau Tove angekuwa na mtu wa kumchukia vizuri.

Alipanda treni kwenda Aarhus bila kuaga mtu, kwa kuwa hakukuwa na wa kumuaga. Maibrit alifungua mlango, akashika mdomo.

"Mama! Tulikubaliana—"

"Hatukukubaliana. Ulikata simu. Yuko wapi?"

Vigga alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani amekunja miguu. Alikuwa amerefuka. Alipomwona nyanya yake uso ulimwiva, akavuta mto akaukumbatia, na Tove akabaki kizingitini, hajui kama anaruhusiwa kukanyaga zulia.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja nikusikilizishe kitu. Halafu naondoka."

"Nimeshaiona, Bibi. Tumeonyeshwa shuleni."

"Shuleni!"

"Mwalimu wa Kidenmaki. Ilikuwa somo." Vigga aliongea na mto. "Tuliulizwa filamu inatumia njia gani kutushawishi. Watu wakanyoosha mikono. Mmoja akasema muziki. Mwingine akasema giza, mwingine jicho. Halafu mwalimu akauliza, kipi kiliwagusa zaidi, na darasa zima likasema kicheko. Wakaanza kukiigiza. Mpaka sasa wanakiigiza, kwenye korido."

Tove alishika fremu ya mlango.

"Na mimi sikusema," Vigga aliendelea, sauti ikianza kukatika. "Sikusema ni Bibi yangu. Nilicheka nao. Nilikiigiza na mimi."

Kila mmoja alibaki na aibu yake, na huko sebuleni Maibrit alisikika akihamisha vyombo visivyohitaji kuhamishwa.

"Iwashe," alisema Tove. "Hapo penye weusi. Usinisikilize mimi. Sikiliza chini yangu."

Vigga aliiwasha. Weusi ukaja. Msichana aliinamisha kichwa, akarudisha, akaongeza sauti, akarudisha tena. Tove aliziba masikio yake mwenyewe.

"Ni kijiko," alisema Vigga polepole.

"Ni kijiko."

"Mlikuwa mnakunywa kahawa?"

"Nyumbani kwangu. Yule kijana wa sauti alifikiri nimempa chakula cha nguruwe. Keki ile ya mkate."

Kona ya mdomo wa Vigga ilitikisika. Kwa muda mfupi sana ilionekana kama mambo yote yamekwisha, kwamba Tove angekaa kwenye kile kitanda na kupewa mto ashike upande mmoja. Lakini msichana alikuwa bado anaitazama skrini, na weusi ulikuwa umepita, na alikuwa amerudisha nyuma zaidi, kwenye mkono wenye saa. Aliusimamisha hapo, umeinuliwa.

"Na hapa?" aliuliza. "Hapa ulikuwa unafikiria nini?"

Treni nzima Tove alikuwa amejiandaa kwa kijiko. Kwa swali hili hakujiandaa. Jibu zuri lilikuwepo karibu, angeweza kulichukua tu: nilikuwa nakihurumia, niliumia, nilisali. Mjukuu wake alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu anayeomba apewe jibu hilo. Tove aliutazama mkono ule kwenye skrini na akakumbuka. Safari hii ilikuwa kumbukumbu ya kweli, ilikuwa kavu, haina muziki wowote.

"Krimu," alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa nawaza krimu. Kama itatosha keki mbili au ya mkate tu. Walaji walikuwa watatu pamoja na mimi, na sikujua wa mjini wanakula kiasi gani."

Vigga aliutazama tena mkono ule.

"Kumbe kitoto chenyewe hata hukukiona," alisema, si kwa ukali. "Afadhali ungecheka, Bibi. Mtu akicheka, angalau amekiona."

Tove alitaka kusema juu ya mkono wake mwembamba, juu ya vitoto vyote alivyovitoa vikiwa hai vikitetemeka, akavipangusa pua. Lakini aliona vingesikika kama vinauzwa. Akachukua koti lake, na Maibrit akamsindikiza hadi mlangoni akimshika kiwiko kama mgonjwa.

Aliporudi nyumbani alikaa siku nyingi bila simu kulia. Kisha ukaja ujumbe mfupi kutoka kwa Vigga mwenyewe: *Njoo Bibi. Lete ile keki ya mkate.*

Aliusoma hadi simu ikazimika mkononi.

Aliitengeneza kwa unyenyekevu, kama mtu anayevishwa nguo asizostahili. Alisaga mkate, akapaka jamu, chupa baada ya chupa ya zile alizoweka, na krimu hakuipima. Aliipiga nyingi, akapaka nene, akaizungushia maua pembeni, akasema safari hii hakuna wa kupungukiwa. Aliishika mapajani ndani ya treni njia nzima, na kila kituo aliinua kifuniko kuhakikisha maua yamesimama.

Kanisani alikaa nyuma. Ukumbini walimweka mwisho wa meza, karibu na mlango wa jikoni, na hakulalamika. Chakula kilikuwa kizuri na hakikuwa na nyama. Wajomba wawili walitazamana, wakala. Waliimba wimbo wa Vigga, beti nyingi, jinsi alivyoanguka kwenye mfereji na jinsi alivyomwita padri "babu wa nguo nyeusi". Ubeti wa Bibi haukuwepo. Watu walicheka, mkwewe akapiga meza, na Tove alipohisi chake kinaanza kupanda kutoka chini aliziba mdomo kwa leso, akakimeza. Tangu siku ile ya filamu hajawahi kukiachia.

Kahawa ikaletwa. Keki yake ikawekwa katikati, ndefu na nyeupe, na mtu mmoja akapiga mluzi. Vigga, katika gauni lake jeupe, alikata kipande cha kwanza kama ilivyompasa. Ndipo Maibrit aliyekuwa akimimina kahawa akasimama, birika hewani.

"Mama," alinong'ona. "Ile ni krimu ya maziwa?"

"Ya nini tena kama si ya maziwa?"

"Vigga hali maziwa. Hali nyama, hali maziwa. Tangu ile filamu. Nilikwambia kwenye simu."

Huenda alimwambia. Huenda alimwambia siku ile ya viazi, au siku nyingine, na Tove akaitikia huku anawaza jambo jingine. Alitazama ule mlima mweupe aliousafirisha mapajani, maua yake yote yamesimama, na joto likampanda kutoka shingoni. Alikuwa amewaza krimu tena. Mara hii pia alikuwa amewaza kama itatosha, wala hakumtazama atakayekula.

Aliinuka nusu. Alitaka kuiondoa, kuipeleka jikoni, kujipeleka jikoni yeye mwenyewe.

Vigga alikuwa amemwona. Alichukua kijiko, akakilaza, akaanza kuikwangua krimu kutoka kwenye kipande chake, taratibu, upande mmoja halafu mwingine, hadi mkate ukabaki mweusi na jamu yake. Akaisogeza krimu ukingoni mwa kisahani. Kijiko kikagonga kaure, ting, na bibi na mjukuu wakakisikia, wakainua macho kwa pamoja.

Halafu Vigga akala. Tove akakaa chini, leso bado mdomoni, akamtazama hadi kipande kikaisha.